Nyumba za Rangi Mbichi

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wetu wa darasa amegawa madaftari leo, kila mtu na lake. Anataka tuandike kila siku mpaka muhula uishe, hata kama ni mstari mmoja. Hatasoma. Atapekua tu aone kama kurasa zina wino. Mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Na mtu akiandika uongo, mwalimu?" Akajibu, "Atakuwa anajidanganya mwenyewe. Mimi sitajua chochote."

Basi nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa tu ndipo ninaporuhusiwa.

Nina miaka kumi na miwili, niko darasa la sita. Mdogo wangu ana mitano, yuko chekechea hapo hapo shuleni kwetu. Baba anamwita Kifaranga, kwa sababu alizaliwa mdogo na mwenye kelele. Mimi ananiita Msimamizi, kwa sababu nakumbuka kila kitu kilipowekwa. Mama alifariki Kifaranga akiwa bado anatambaa. Baba ni fundi rangi. Tunaishi kwenye nyumba anazozipaka: kazi ikianza tunahamia, kazi ikiisha tunahama. Hii ni ya saba. Wenye nyumba hawajui.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Bati la jikoni linapigwa kama ngoma mbovu.

Alhamisi, 7 Machi

Nyumba hii ina vyumba vinne na choo cha ndani ambacho maji yake bado hayajaunganishwa. Tunalala kwenye turubai la kuzuia rangi isidondokee sakafu, juu yake blanketi mbili. Kila asubuhi nakunja blanketi, natia nguo zetu kwenye ndoo tupu za rangi na kuzifunika. Mtu akiingia ghafla ataona vifaa vya fundi tu.

Masharti ni matatu. Tusiguse ukuta. Tusicheke kwa sauti mchana. Tukiulizwa tunaishi wapi, tuseme, "Nyumba ya bluu, nyuma ya posta." Nyumba hiyo ipo kweli. Baba ndiye aliyeipaka, na nikipita pale naweza kukwambia dirisha lipi linakwama.

Getini kuna mlinzi. Ana redio ndogo na macho yanayofuata kila kitu. Simpendi. Najua siku moja atatusema.

Jumamosi, 9 Machi

Leo imekuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka huu, na naiandika vizuri nisije nikaisahau.

Baba alikuwa anamalizia chumba kikubwa. Alisimama juu ya ngazi, rola mkononi, akiimba wimbo aliotunga mwenyewe kuhusu mwenye nyumba na kitambi chake. Kisha akashuka, akatupa kila mmoja brashi, akasema, "Ukuta huu kesho nitaupaka rangi mkono wa pili. Leo ni wenu."

Kifaranga alichora kuku mwenye miguu sita. Mimi nilichora meza, viti vinne na taa juu. Baba alitazama viti kwa muda mrefu. Akachora kikombe juu ya meza, mbele ya kile kiti cha nne, na moshi ukitoka kwenye kikombe. Mama alipenda chai ya moto sana.

Baadaye akatupaka rangi puani, tukacheka mpaka tukavunja sharti la pili.

Jumapili, 10 Machi

Mkono wa pili umepita. Ukuta ni mweupe kabisa.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mvua. Rangi haikauki. Baba anagusa ukuta kwa kidole, anasonya.

Jumanne, 19 Machi

Baba hakurudi jana. Tulikula mkate mkavu, nikamwambia Kifaranga kwamba anasubiri mvua ipungue. Leo tulipotoka shule tukamkuta ameketi juu ya ndoo, amevaa kofia mpya, kamnunulia na Kifaranga viatu vya mvua vyekundu. Ni vikubwa kwa namba mbili.

"Atavikulia," akasema.

Nikamuuliza alikuwa wapi. "Nilikuwa nawatafutia nyumba, Msimamizi. Safari hii ni yetu. Mlango wetu, funguo zetu. Kazi hii ikiisha tu."

Nilimwamini. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba nilimwamini, ingawa alisema hivyo hivyo kwenye nyumba ya tatu na ya tano.

Ijumaa, 22 Machi

Shangazi alikuwa kwenye geti la shule leo. Ni dada mkubwa wa Baba. Anafanya kazi kwenye tanuri la mikate nyuma ya soko. Nilimtambua kwa mbali, kwa jinsi anavyosimama, mikono kiunoni kama mtu aliyenyimwa chenji. Alikuwa na mfuko wa karatasi.

Baba amesema mara nyingi: Shangazi yenu ana roho ngumu, anataka kututenganisha. Nikamshika Kifaranga mkono, tukapita kwenye uwazi wa ua nyuma ya vyoo.

"Mbona tunapita huku?" akauliza Kifaranga.

"Huku kuna matope mazuri," nikasema. Akaridhika. Viatu vyekundu vikawa kahawia.

Jumatano, 27 Machi

Baba anapaka milango kwa rangi ya mafuta. Harufu yake inakata kooni. Nikifungua madirisha mvua inaingia na turubai linalowa. Nikiyafunga, Kifaranga anakohoa. Nimejaribu kufungua nusu. Tunapata vyote viwili.

Ijumaa, 29 Machi

Shangazi tena getini. Matope tena.

Jumanne, 2 Aprili

Baba ameondoka asubuhi. Amepata kazi ya siku mbili nje ya mji. Alipiga magoti akanifunga kamba ya kiatu, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa mdogo. "Siku mbili tu," akasema. "Alhamisi mchana nipo hapa. Nyumba iko mikononi mwako."

Zamani maneno hayo yalinifanya nijione mrefu. Leo nimekwenda kuhesabu mikate iliyobaki.

Jumatano, 3 Aprili

Kikohozi. Nimemchemshia maji kwenye jiko la mafuta ya taa.

Alhamisi, 4 Aprili

Mchana umepita. Baba hayupo.

Ijumaa, 5 Aprili

Hatukwenda shule. Kifaranga anapumua kama mtu anayepuliza chupa tupu. Hataki mkate. Anataka Baba amwimbie wimbo wa kitambi. Nimemwimbia mimi. Akasema nakosea.

Mlinzi alipita chini ya dirisha mara mbili. Nikainama.

Jumapili, 7 Aprili

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imetulia kidogo. Nikasikia gari, kisha sauti ya mwenye nyumba na mwanamke wakizungumza habari za mapazia. Sikuwa nimekunja blanketi. Nikasukuma kila kitu nyuma ya ngazi, nikambeba Kifaranga, tukaingia stoo ya jikoni. Nikavuta mlango.

Walikuwa wanatembea chumba kwa chumba. Yule mwanamke akasema rangi ya sebuleni ni nzuri ila fundi kaacha kazi katikati. Kifaranga akaanza kukohoa. Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Nilitaka wapite tu. Nilihesabu hatua zao. Kifaranga aliponishika mkono nilidhani anatulia. Kisha akaanza kunikwaruza. Kulikuwa na mwanga mdogo kwenye ufa wa mlango, nikaona macho yake. Yalikuwa yananitazama mimi, dada yake, kama ananiuliza ninafanya nini.

Nikatoa mkono. Nikapiga mlango teke, nikatoka naye.

Mwenye nyumba aliruka. Mwanamke akashika kifua. Nilisema, "Mdogo wangu hapumui vizuri." Midomo ya Kifaranga ilikuwa ya kijivu, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani kila akivuta hewa.

Mwenye nyumba alibaki akiuliza, "Hawa ni nani? Hawa wametoka wapi?" Aliyekuja mbio ni mlinzi. Aliacha redio yake kwenye mvua. Akamchukua Kifaranga mikononi mwangu, akamwambia mwenye nyumba, "Bosi, washa gari, maswali utauliza njiani," na mwenye nyumba akafanya alivyoambiwa kama mtoto.

Garini mlinzi alinitazama. "Nilikuwa naacha maji ya moto kwenye chupa pale kwenye ngazi za nyuma," akasema. "Hukuyaona?"

Niliyaona. Nilidhani ni mtego.

Zahanati walimfunika Kifaranga pua na mdomo kwa kifaa chenye mvuke wa dawa. Muuguzi akaniketisha pembeni na kufungua daftari kubwa. Akauliza jina, umri, ameanza lini kukohoa. Yote nikajibu. Kisha akauliza, "Mnaishi wapi?"

Nyumba ya bluu ilikuwa mdomoni. Nimeisema mara nyingi kiasi kwamba hutoka yenyewe. Nilitazama mkono wangu, ulikuwa na alama za kucha za Kifaranga.

"Hatuishi popote," nikasema. "Tunakaa kwenye nyumba zenye rangi mbichi."

Muuguzi hakushtuka. Aliweka kalamu chini. "Baba yuko wapi?"

"Alisema Alhamisi."

"Kuna mtu mzima mwingine wenu?"

Kumtaja Shangazi kulikuwa ni kumsaliti Baba, nilijua hivyo. Lakini nilishamziba mdogo wangu mdomo kwa ajili ya Baba, na hiyo ilitosha.

"Tuna shangazi," nikasema. "Anaoka mikate nyuma ya soko."

Mlinzi ndiye aliyekwenda kumwita. Shangazi aliingia na aproni, unga mpaka kwenye viwiko. Sikumwamkia, nilisahau. Alimtazama Kifaranga, akanitazama mimi, na jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Wewe umekula?"

Nikasema ndiyo. Akatoa mkate mfukoni akasema, "Basi kula tena."

Jumatatu, 8 Aprili

Kifaranga bado yuko zahanati. Anasema dawa ina ladha ya sarafu. Afisa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye sauti ya chini, alikuja kuzungumza na Shangazi, halafu na mimi peke yangu. Aliniuliza kama Baba hutupiga. Nikasema hapana, hutuimbia. Akaandika.

Jumanne, 9 Aprili

Tumehamia kwa Shangazi. Chumba kimoja na sebule. Kifaranga na mimi tunalala kitandani kwake, Shangazi analala kwenye kochi. Kuta hazijapakwa kwa miaka. Nimezigusa zote.

Shangazi hana maneno matamu. "Vua viatu. Nawa. Hicho si chako." Anaamka alfajiri kwenda kwenye tanuri, anarudi saa kumi akinuka chachu, anakoroma jioni. Kwa kweli sijui kama anafurahi kuwa nasi. Nimemkumbuka Baba mpaka nikalia bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikie. Nilipotoka akasema, "Siku nyingine lia huku nje, maji yanapotea." Kisha akanipa taulo.

Alhamisi, 11 Aprili

Baba amekuja. Siku tisa.

Alikuwa amelowa, na uso umesawijika. Alikwenda kwanza kwenye ile nyumba, mlinzi akamweleza. Alimkumbatia Kifaranga mpaka Shangazi akasema, "Mwachie apumue." Hayo yalimchoma, nikaona.

"Nilichelewa, Dada," Baba akasema. "Mvua, kazi ikarefuka..."

"Mimi usinieleze," Shangazi akajibu. "Waeleze hao."

Baba akanigeukia na tabasamu lake lile. Akatoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza mbele yangu. "Msimamizi. Tazama. Vyumba sita, bustani mbele. Kesho tunahamia. Bustani yenyewe, Kifaranga atapata pa kukimbilia."

Zamani ningeshaanza kukunja blanketi. Nikamuuliza, "Ni ya kukaa au ya kupaka?"

Tabasamu likabaki usoni peke yake, bila macho. "Ya kupaka," akasema. "Lakini ni kubwa. Itachukua miezi miwili."

"Na baada ya hapo?"

Akautazama ufunguo.

"Sisi tunabaki hapa, Baba."

Nilidhani atakasirika. Afadhali angekasirika. Alirudisha ufunguo mfukoni polepole, akasema, "Sawa. Sawa, mama," na hajawahi kuniita hivyo. "Nitakuja Jumapili. Kila Jumapili, saa nne."

Alipoondoka Shangazi aliingia jikoni akaosha masufuria yaliyokuwa safi.

Jumapili, 14 Aprili

Baba alikuja. Saa saba, lakini alikuja. Aliimba wimbo wa kitambi na Shangazi alicheka akiwa amegeukia ukuta.

Jumapili, 21 Aprili

Hakuja. Kifaranga alivaa viatu vyekundu tangu asubuhi na hakutaka kuvivua hata kulala.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo nimemsaidia Shangazi kupanga mikate kwenye trei. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anakuja shuleni siku za Ijumaa.

"Ijumaa natoka mapema," akasema. "Nilianza shule ya upande wa mtoni, nikaenda ya karibu na soko, nikafika yenu. Niliambiwa mpo, ila sikuwahi kuwaona mkitoka. Nikadhani wamekosea kuniambia."

"Baba alisema unataka kututenganisha."

Aliendelea kupanga. "Mama yenu alipofariki, utakumbuka, mlikaa kwangu miezi miwili. Baba yenu alikuwa hawezi kukaa chumba kimoja zaidi ya saa moja. Anainuka, anatoka, anazunguka mtaa, anarudi. Nilimwambia niachie watoto, wewe tulia kwanza. Siku moja nikarudi kutoka kazini, hampo." Akafunika trei kwa kitambaa. "Yeye alisikia kwamba namnyang'anya. Labda nilisema vibaya. Mimi maneno yangu hutoka na maganda yake."

Nikamwambia kuhusu uwazi wa ua nyuma ya vyoo. "Kumbe," akasema. "Na mimi nimesimama pale na mkate kama mnara."

Tukacheka, na sikujua kama nilikuwa nacheka au nalia.

Jumapili, 28 Aprili

Hakuja. Nilikaa dirishani mpaka saa nane. Nilimtetea mbele ya Kifaranga: mvua, kazi, gari. Nilipomaliza, Kifaranga akauliza, "Sasa hiyo ni kweli au ya nyumba ya bluu?"

Alhamisi, 2 Mei

Mlinzi amekuja kutuona. Analinda nyumba nyingine sasa. Redio yake ilipona, ila inashika kituo kimoja tu, cha mahubiri. Nilimwamkia kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha kwa sababu ya chupa. Akasema, "Ungekunywa maji ya mtu usiyemjua, ningekuona mjinga."

Jumapili, 5 Mei

Hakuja. Sikukaa dirishani. Nilifanya hesabu za sehemu, zote kumi nikapata. Kisha nikawa na hasira kwa kuwa nilizipata.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imepungua. Baba amekuja saa nne na nusu, kakonda, kavaa shati safi.

Shangazi alimtaka Kifaranga amsindikize dukani, tukabaki wawili. Baba aliketi kwenye kochi, akainuka, akaketi. Akaanza: kuna kazi kubwa inakuja, jengo zima la ofisi, safari hii atapanga nyumba, yetu kabisa.

"Baba," nikamwambia, "usiniambie habari za nyumba."

Akajisogeza ukingoni mwa kochi.

"Kifaranga anavaa viatu kila Jumapili. Havivui mpaka alale. Mimi nakutungia sababu, na zimeniishia. Sikuombi uje kila wiki. Kama huji, sema huji."

Baba alikuwa anatazama viganja vyake, rangi nyeupe imeingia kwenye mistari na haitoki hata kwa tina ya kuyeyushia rangi.

"Ile kazi ya nje ya mji," akasema mwishowe, "niliimaliza Jumatano. Siku ya pili. Nilikuwa na nauli mfukoni." Akasugua kiganja kwa kidole gumba. "Nilifika kituoni nikakaa. Nilijua ile nyumba yetu inakaribia kwisha na sikuwa na nyingine ya kuwapeleka. Nikasema nitakaa mpaka nipate wazo. Siku zikapita. Nilikuwa nimekaa tu, wakati yeye..."

Hakumaliza. Alilia bila sauti, mabega tu. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata kwenye msiba. Nilitaka kumwambia si kitu, kama ninavyomwambia siku zote. Lakini ni kitu. Nikahama kiti, nikaketi karibu naye, mabega yetu yakagusana.

Baada ya muda akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Akavuta pumzi.

"Jumapili ijayo," akasema, na nikajiandaa kwa ahadi. Akasita. Niliona ahadi ikipanda, nikaona akiimeza. "Jumapili ijayo siji. Tunapaka ghala mbali, tutarudi Jumatatu. Ile inayofuata ndiyo nitajaribu. Nitajaribu tu, sisemi zaidi."

"Sawa," nikasema.

Kifaranga alirudi na Shangazi. Baba akapiga magoti akamwambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake: Jumapili ijayo siji. Kifaranga akauliza, "Hata kidogo?" Akasema, "Hata kidogo." Shangazi alisimama mlangoni na mfuko wa sukari, akamtazama Baba, mdogo wake, kama mtu anayemwona baada ya safari ndefu. Akamwambia, "Kaa, chai iko tayari."

Akakaa. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Alikaa saa moja na dakika arobaini.

Ijumaa, 17 Mei

Mwalimu amepekua madaftari. Langu alilifungua katikati, akaona kurasa zilivyojaa, akalifunga mara moja na kunirudishia. "Umeandika sana," akasema. Nikasema ndiyo, mwalimu.

Jumapili, 19 Mei

Jua tangu asubuhi. Tumetoa godoro nje. Kifaranga amecheza peku kutwa nzima na watoto wa jirani.

Baba hakuja, kama alivyosema.